Mgeni Asilipie Kosa la Roboti

Mwenye tovuti ndogo, iwe ya shule, ya hoteli ya ufukweni au ya chama cha ushirika, akifungua kisanduku cha barua asubuhi na kukuta mamia ya barua za kamari, dawa za nguvu za kiume na sarafu za kidijitali, zote zimepita kwenye fomu aliyowawekea wateja wake, hudhani kuna adui aliyemlenga. Dhana hiyo ndiyo inayompeleka kwenye dawa isiyofaa. Mara nyingi hakuna aliyemlenga. Roboti ya taka ni programu inayozunguka mtandaoni usiku na mchana ikitafuta kitu kimoja tu: mahali panapopokea maandishi ya mtu yeyote. Haijali kama tovuti ni ya Tanga au ya Toronto. Inasoma msimbo wa ukurasa, inatafuta visanduku vya kujaza, inavijaza vyote, inatuma na kwenda zake. Nyingine hata ukurasa haziufungui. Tovuti nyingi sana duniani zimejengwa kwa WordPress, na humo faili linalopokea maoni ya wasomaji lina jina lile lile kila mahali, kwa hiyo roboti hulipelekea ujumbe moja kwa moja bila kubisha hodi. Tofauti yake na binadamu inaonekana wazi kwenye kumbukumbu za seva. Mtu anapofungua ukurasa, kivinjari chake huomba maandishi, kisha nembo, kisha picha moja moja, mistari kadhaa inayofuatana. Halafu huja kimya cha dakika moja au mbili, anasoma, anaandika, anafuta, anaandika tena. Ndipo fomu inapotumwa. Roboti huacha mstari mmoja: fomu imetumwa. Hakuna picha iliyoombwa wala kimya kilichopita.

Ili kupata dawa, kwanza tujue roboti hizi zinaishi kwa kula nini. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, wa San Diego na Berkeley, walipata njia ya kuichungulia biashara hii kutoka ndani. Waliingia kwenye mtandao wa kompyuta zilizotekwa, uliojulikana kwa jina la Storm, wakageuza sehemu ndogo ya barua taka zilizokuwa zikitumwa ili anayebofya afike kwenye duka la dawa ambalo wao wenyewe walilitengeneza. Duka hilo halikuchukua fedha ya mtu. Mnunuzi alipofika kwenye malipo alikuta taarifa ya hitilafu. Kwa siku 26 zilitumwa barua karibu milioni 350. Waliojaribu kununua walikuwa 28. Ni mnunuzi mmoja kwa kila barua milioni 12 na ushee, na thamani ya manunuzi yote haikufika dola 3,000. Anayeisikia hesabu hiyo kwa mara ya kwanza anaweza kusema biashara hii imekufa. Haikuwa imekufa hata kidogo. Watafiti walikuwa wameshika takriban asilimia 1.5 tu ya mtandao ule, na barua zile hazikumgharimu mwenye mtandao huo karatasi, stempu wala mshahara wa karani. Kompyuta zilizozituma zilikuwa za watu wengine, na umeme waliulipa wao. Biashara ya namna hii haihitaji kufaulu mara nyingi. Inachohitaji ni gharama ya kila jaribio iwe karibu na sifuri.

Roboti zinazoshambulia fomu za tovuti zina faida ya pili, na hiyo haimhitaji hata mnunuzi. Tangu mwaka 1998, Google ilipoanza kupanga kurasa kwa kuangalia ni tovuti ngapi nyingine zimeweka viungo vya kwenda huko, kila kiungo kikawa na thamani ya fedha. Mwenye kasino ya mtandaoni akitapakaza kiungo chake kwenye maoni ya maelfu ya tovuti, hata kama hakuna binadamu atakayekisoma, anatarajia kupanda kwenye orodha ya matokeo ya utafutaji. Januari 2005 Google, Yahoo na MSN walikubaliana kuweka alama ndani ya msimbo wa kiungo, inayoiambia injini ya utafutaji isikihesabu. Ilionekana kama mwisho wa tatizo, kwa kuwa faida ilikuwa imeondolewa. Roboti hazikuacha. Kwa nini ziache? Kukagua kama tovuti fulani imeweka alama hiyo ni kazi zaidi kuliko kutuma ujumbe bila kukagua. Hapo kuna funzo ambalo wenye tovuti wengi hawalitilii maanani: kuondoa faida peke yake hakutoshi ikiwa kujaribu ni bure.

Hoja yangu, basi, ni kwamba vita hivi ni vya gharama, na swali la kwanza la kujiuliza kabla ya kuweka kinga yoyote ni nani atakayeilipia. Kinga nzuri inaongeza gharama ya roboti na kuacha ya mgeni ilivyo. Kinga mbaya ni ile inayomtoza mgeni, huku roboti ikilipa senti chache au isilipe kabisa. Kwa kipimo hicho, kinga ambayo wengi hukimbilia kwanza, ile ya kumtaka mgeni athibitishe kuwa si roboti, ndiyo yenye hesabu mbovu kuliko zote.

Haikuanza hivyo. Mwaka 1997 injini ya utafutaji ya AltaVista ilikuwa inasumbuliwa na programu zilizokuwa zikiiandikisha maelfu ya anwani za tovuti kwa mkupuo. Andrei Broder na wenzake wakabuni picha ya herufi zilizopindapinda, ambazo jicho la mtu lingeweza kuzisoma na programu za wakati ule zisiweze, na usumbufu ukapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Miaka michache baadaye Luis von Ahn, Manuel Blum na wenzao wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliufanya ubunifu wa namna hiyo kuwa fani kamili, na von Ahn akaongeza jambo la maana sana: maneno ambayo watu waliyasoma kwenye mafumbo hayo yalichukuliwa kutoka kwenye vitabu na magazeti ya zamani, hivyo kila aliyejibu alisaidia kuyahifadhi maandishi hayo kwenye kompyuta. Google iliinunua huduma hiyo ya mafumbo mwaka 2009. Ulikuwa ubunifu unaostahili sifa, na kwa miaka kadhaa ulifanya kazi yake.

Kilichobadilika ni bei. Mwaka 2010 watafiti wa San Diego walionyesha kwamba kulikuwa na soko zima la watu wanaolipwa kutegua mafumbo haya kwa niaba ya roboti, na kwamba mafumbo 1,000 yaliteguliwa kwa dola moja, au hata kwa senti 50 za dola. Mwaka 2014 wataalamu wa Google wenyewe walitangaza kuwa programu yao inaweza kusoma herufi zilizopindwa vibaya kabisa kwa usahihi wa asilimia 99.8. Ndipo yakaja mafumbo ya kuchagua picha za taa za barabarani na pikipiki. Mwaka 2023 utafiti mwingine, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha California, Irvine, uliwapa watu 1,400 mafumbo ya aina mbalimbali, kisha ukalinganisha matokeo yao na yale yaliyokwisha kuchapishwa kuhusu roboti. Kwenye herufi zilizopindwa watu walipata kati ya asilimia 50 na 84, wakitumia sekunde 9 hadi 15. Roboti zilipata karibu zote, kwa muda usiofika sekunde moja. Kipimo kilichowekwa kumtambua binadamu sasa kinamwangusha binadamu na kumpitisha asiyetakiwa.

Anayeanguka ni nani? Ni asiyeona, anayetumia programu ya kumsomea kurasa kwa sauti, ambaye picha haina maana kwake. Toleo la sauti linalowekwa kwa ajili yake huwa na kelele nyingi, na mara nyingi huwa la Kiingereza. Ni mzee mwenye simu ya kioo kidogo anayeambiwa achague miraba yenye mabomba ya zimamoto ya mitaa ya Marekani, mekundu na mafupi, kitu ambacho mkazi wa Kigoma au Lamu anaweza kumaliza maisha yake bila kukiona barabarani. Ni mwanafunzi aliyenunua bando la shilingi chache, ambaye kila picha inayopakuliwa inamlia megabaiti alizozinunua kwa kazi nyingine. Watu hawa hawaandiki barua kulalamika. Wanafunga ukurasa na kuondoka, na mwenye tovuti anaona fomu imetulia, anafurahi kwamba taka zimekwisha, asijue kuwa pamoja nazo amewafukuza na watu aliowajengea tovuti. Hili linaniudhi kuliko taka zenyewe, kwa sababu taka unaziona na kuzifuta, ila mgeni aliyekata tamaa haachi alama yoyote.

Njia zinazoitoza roboti zipo, ni za zamani, na nyingi hazina gharama. Ya kwanza ni kisanduku cha siri. Kwenye fomu yenye jina, barua pepe, simu na ujumbe, fundi wa tovuti huongeza kisanduku cha tano na kukipa ndani ya msimbo jina la kuvutia, kama vile “anwani ya tovuti yako”, kisha anakificha kisionekane kwenye kioo. Mtu hakioni, hivyo hakijazi. Roboti inasoma msimbo, inakiona, inakijaza kama ilivyozoea kujaza kila kitu, na kwa kufanya hivyo inajitambulisha yenyewe. Kuna mambo mawili ya kuangaliwa hapa. Kwanza, programu za kuwasomea wasioona zinaweza kukisoma kisanduku hicho, kwa hiyo ama kifichwe na kwa programu hizo pia, ama kiwekewe maneno ya wazi: “acha tupu”. Pili, vivinjari siku hizi hujaza fomu vyenyewe kwa taarifa zilizohifadhiwa, na vinaweza kukijaza kisanduku kile bila mtu kujua. Fundi aizime tabia hiyo kwa kisanduku hicho, na ujumbe uliotegwa usifutwe papo hapo bali uwekwe kando ili mwenye tovuti aupitie mara moja kwa wiki. Mteja mmoja aliyepotea kwa kosa la mtego ana thamani kuliko taka 100 zilizopita.

Ya pili ni saa. Seva inajua ukurasa ulifunguliwa lini na fomu ilitumwa lini. Hakuna binadamu anayeandika jina, namba ya simu na aya mbili za maelezo kwa sekunde mbili. Ujumbe uliokuja kwa kasi hiyo, au uliokuja bila ukurasa kufunguliwa kabisa, unawekwa kando. Roboti inaweza kufundishwa kusubiri, ndiyo, lakini hapo ndipo ilipo raha ya njia hii: roboti inayosubiri sekunde 20 kwenye kila fomu inafanya kazi chache mno kwa siku kuliko ile inayofanya kwa nusu sekunde. Tumeipandishia gharama bila mgeni kutozwa hata sekunde moja. Kisha kuna kuyapima maandishi yenyewe. Agosti 2002 Paul Graham, mwanaprogramu wa Marekani, alieleza namna ya kuifundisha kompyuta kutambua taka kwa kuhesabu uwezekano wa kila neno kutokea kwenye taka au kwenye ujumbe wa kweli, na vichujio vya leo vimejengwa juu ya mawazo ya aina hiyo. Kwa tovuti ya Kiswahili kazi ni rahisi zaidi. Ujumbe wenye viungo vitatu, au ulioandikwa kwa herufi za Kirusi, hauna sababu kubwa ya kufika kwenye fomu ya shule ya sekondari ya Iringa. Lakini kila tovuti iwafahamu watu wake: anayepokea wageni kutoka Zanzibar au Oman asithubutu kuzuia herufi za Kiarabu.

Wapo watakaosema mitego hii ni ya roboti za kijinga tu, na kwamba mtu akiandika programu mahususi kwa ajili ya tovuti yako ataikwepa yote kwa jioni moja. Ni kweli kabisa. Ila tukumbuke ile hesabu ya mnunuzi mmoja kwa barua milioni 12. Hakuna anayeweza kumlipa mwanaprogramu jioni nzima ili aikwepe fomu ya hoteli moja yenye vyumba kumi. Akifanya hivyo biashara yake imekufa siku hiyo hiyo. Anayestahili kushambuliwa kwa namna hiyo ni benki, kampuni ya simu, duka kubwa la mtandaoni au mfumo wa maombi ya serikali, na hao wana uwezo na wajibu wa kuajiri watu wa kuwalinda. Hata kwao fumbo liwe mlango wa mwisho, lifunguke pale tu dalili nyingine zote zimeshindwa kutoa jibu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la akili unde. Mashine sasa zinaandika sentensi zilizonyooka, hata za Kiswahili, na ujumbe taka unaweza kusifu makala yako kwa maneno yanayoihusu kweli. Kichujio kinachohesabu maneno kitasumbuka. Lakini sentensi nzuri haibadilishi lengo la taka: lazima mwishoni iwe na kiungo, namba ya simu au jina la bidhaa, la sivyo aliyeituma amepoteza muda wake. Kwa hiyo maoni ya kwanza ya mtu asiyejulikana, yakiwa na kiungo, yasubiri kuidhinishwa na binadamu. Kwa tovuti ndogo hiyo ni kazi ya dakika chache kwa siku. Tena kuzalisha sentensi hizo si bure kama ilivyokuwa bure kunakili tangazo moja mara milioni moja.

Wengine huchagua njia ya mkato: kuzuia anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni, zilizotuma taka, au kuzuia nchi nzima. Hapa watu wa Afrika Mashariki wana sababu ya kuwa wakali, kwa kuwa ndio wanaoumia. Mfumo wa zamani wa anwani za IP, ambao bado unatumika sana, una anwani bilioni 4.3 tu, na sehemu kubwa ilikwishagawiwa kwa nchi tajiri kabla AFRINIC, shirika linalogawa anwani za bara hili kutoka Mauritius, halijaanza kazi rasmi mwaka 2005. Kampuni za simu hukabiliana na uhaba huo kwa kuwaweka wateja wengi, wakati mwingine mamia, nyuma ya anwani moja. Simu moja yenye programu chafu ikituma taka kutoka Mwanza au Kisumu, anayezuia anwani hiyo amewazuia na majirani wasio na hatia ambao hata hawatajua kosa lao. Mzuiaji wa Ulaya anaweza kudhani anwani moja ni nyumba moja. Fundi wa Dar es Salaam au Nairobi hana kisingizio cha kudhani hivyo. Afadhali kuweka kikomo cha muda mfupi, kwa mfano idadi fulani ya ujumbe kwa dakika kumi, kiondoke chenyewe.

Na kuna wanaoamua kuifunga fomu kabisa na kuandika “tutafute WhatsApp”. Siwalaumu, maana wamechoka. Hata hivyo wamemkabidhi mtu mwingine mawasiliano yao yote na wateja, na namba ya simu iliyoandikwa wazi kwenye ukurasa huokotwa na roboti za aina nyingine, zile zinazokusanya namba kwa ajili ya matapeli.

Jambo moja halipaswi kuahirishwa na yeyote. Fomu nyingi zimetengenezwa kumtumia aliyejaza nakala ya ujumbe wake. Inaonekana kama adabu nzuri. Lakini roboti huandika kwenye kisanduku cha barua pepe anwani ya mtu mwingine kabisa, na kwenye kisanduku cha ujumbe tangazo la kamari. Tovuti yako, kwa jina lako, inampelekea mtu huyo taka. Baada ya siku chache seva yako inaingia kwenye orodha za wachafuzi zinazotunzwa na mashirika kama Spamhaus, na barua zako halali za ankara na mikataba zinaanza kukataliwa. Kwa Tanzania kuna na upande wa sheria, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu kuhusu ujumbe usioombwa. Hatari ni ile ile kwa fomu zinazotuma namba ya uthibitisho kwa SMS: roboti ikiiomba mara elfu moja usiku, bili ya asubuhi ni ya mwenye tovuti.

Yapo mapambano makubwa kuliko uwezo wa mwenye tovuti mmoja. Novemba 2008 kampuni ya McColo ya California, iliyokuwa ikihifadhi mitambo ya kuongozea mitandao ya taka, ilikatiwa intaneti na waliokuwa wakiiunganisha, na barua taka duniani zikapungua kwa zaidi ya nusu karibu papo hapo; zilirudi baadaye, wahusika walipopata makazi mapya. Mwaka 2011 watafiti walifuatilia malipo ya bidhaa zilizotangazwa kwa barua taka na kukuta asilimia 95 ya dawa, bidhaa bandia na programu zilizotangazwa hivyo zilipitishia fedha kwenye benki chache zinazohesabika kwa vidole. Kufuata fedha ni kazi ya benki, ya wasimamizi wa mawasiliano na ya polisi, na inafaa wadaiwe kuifanya.

Kazi ya mwenye tovuti ni ndogo na iko mikononi mwake. Mwite fundi wako wiki hii. Mwambie aondoe utumaji wa nakala, aweke kisanduku cha siri na kipimo cha muda, asimamishe maoni yenye viungo hadi uyaidhinishe, na aache fumbo la picha nje kwa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha, hesabu taka zilizopita na wageni walioandika, kisha uamue kama bado unalihitaji.